Milioni 2.5: nani alizihesabu?

Bwana Mhariri,

Jumanne iliyopita gazeti lenu liliandika kwamba kule Marekani raia hujikinga kwa bunduki mara milioni 2.5 kila mwaka, "kwa mujibu wa wataalamu". Wataalamu gani, hamkusema. Jirani yangu hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, fundi wa baiskeli, ameukata ukurasa huo akaubandika juu ya sanduku lake la spana. Kila anayeleta tairi lililotoboka anasomewa, kisha anaambiwa: basi na sisi tupewe.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na tarakimu ikinikaa vibaya sipati usingizi. Nikaitafuta ilikozaliwa.

Nilidhani nitaikuta mezani kwa NRA, chama kikubwa cha watetezi wa bunduki. Kumbe wao ni wasambazaji tu. Walioitoa ni wasomi wawili wa chuo kikuu, Gary Kleck na Marc Gertz, mwaka 1995. Walihoji watu 4,977 kwa simu. Katika kila mia, mmoja na ushee alisema alijikinga kwa bunduki katika mwaka uliotangulia simu hiyo. Jibu hilo likazidishwa kwa watu wazima wote wa nchi, wapatao milioni 190. Piga hesabu: kila aliyepokea simu amebeba wenzake 38,000 mgongoni. Kumi tu wakitaja tukio la mwaka mwingine, au wakijisifu kidogo (na mwanaume akisimulia bunduki yake, nani asiyejisifu?), matukio yameongezeka 380,000. Uchunguzi wa serikali yao kuhusu uhalifu huwauliza habari za kujikinga wale tu waliosema wamevamiwa, na hesabu yake haifiki hata sehemu ya kumi ya hiyo yenu.

Mtaniambia, angalia nani analipa. Sawa, na sisi Walushois, watu wa Lubumbashi, hatufundishwi hilo: mwandishi akitoka mkutanoni na kupaji mfukoni, yaani pesa aliyopewa na wenye mkutano, habari yake huwa tamu. Lakini pesa inakuonyesha tu pa kukodolea macho, kuhesabu bado ni kazi yako. The Trace, chombo cha habari kinachoandika juu ya bunduki tu, kilianza mwaka 2015 kwa msaada wa Everytown, wapinzani wa NRA, na chenyewe kinasema hivyo waziwazi. Habari zake nazo zipimwe, zisitupwe.

Kuna na pesa inayonyamazisha, ambayo haionekani kirahisi. Mwaka 1996 Bunge la Marekani, likisukumwa na NRA, liliizuia taasisi ya afya ya CDC kutumia fedha zake kupigia debe udhibiti wa bunduki, na likaikata dola milioni 2.6, kiasi kilekile ilichokuwa ikitumia kwa utafiti huo. Watafiti wakaogopa. Fedha za maana, milioni 25 kwa CDC na taasisi nyingine, zilirudi mwishoni mwa 2019. Ndiyo maana hesabu ya 1995 bado inatembea hadi Katuba: kwa miaka mingi wachache sana walilipwa kuhesabu upya.

Ninachoomba ni kidogo. Mkiandika tarakimu, semeni nani aliihesabu, mwaka gani, na aliwauliza watu wangapi. Ni mstari mmoja tu, hauli nafasi ya tangazo. Na marekebisho yakitoka, tafadhali yawe na ukubwa uleule wa habari ya kwanza, maana yule fundi gundi bado anayo.

Mwalimu wa hesabu,
Katuba, Lubumbashi