Risala ya akina mama wakulima kwa mgeni rasmi, siku ya kufungua bustani ya shule, Arua

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wenyeviti wa LC (mabaraza ya mitaa), viongozi wetu wa dini, mwalimu mkuu na walimu, wazazi wenzetu, na ninyi watoto wetu,

Karibu sana. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama katika vumbi hili la Februari. Tulikuomba uje mwezi huu makusudi. Ungekuja Agosti ungekuta kunde zimefunika mashamba na dodo, yaani mchicha, imeota mpaka nyuma ya vyoo, ukaondoka ukiamini kwamba huku kwetu chakula si shida.

Mvua za huku kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hukatika Desemba, na hazirudi mpaka kuelekea Aprili. Miezi hiyo mboga iko mjini, kwa mwenye nauli ya bodaboda na bei ya fungu. Watoto unaowaona hapa wanakula ugali wa muhogo na maharage, na maharage yakiisha wanakula na maji ya chumvi. Wanalala wameshiba. Lakini muhogo mtupu hauwapi damu wala macho, na sisi mama zao tunaliona hilo kila siku.

Ndiyo maana tukashika viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Gramu 125 tu, yaani kiazi kimoja cha wastani, zinampa mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Aina za Kabode na Vita zimo mikononi mwa wakulima wa Uganda tangu 2007, na Mganda mwenzetu, Dkt. Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa watafiti wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi ya kuongeza lishe katika mazao. Tunajivunia sana jambo hilo.

Kilichotuangusha, Mheshimiwa, ni marando, yale mashina ya kiazi yanayotambaa. Kiazi hupandwa kwa marando, na kiangazi huyaua. Yakisalia machache, mbuzi wanaoachiliwa baada ya mavuno huyamaliza. Mvua ikinyesha, mama anazunguka kwa jirani, na jirani naye anazunguka. Msimu mmoja tulichanga fedha tukaagiza marando kutoka mbali, yakafika yamenyauka. Wengine walilia. Fedha ile ilikuwa ya vitabu na ya dawa.

Baadaye ofisa wa kilimo alitufundisha kuhifadhi mchangani. Unachagua viazi vidogo visivyotobolewa na fukusi, unavipanga katika beseni la mchanga mkavu uliopoa, kimoja kisiguse kingine, unaliweka ndani ya nyumba. Vinachipua vyenyewe. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua unavipanda kitaluni, unazungushia miiba, unamwagilia, na mvua ya kwanza inakukuta na marando yako. Kiazi kimoja hutoa vipande makumi.

Kitalu hicho ndicho kinachodai maji, tena katika miezi ambayo tunaamka saa kumi za usiku kwenda kupanga foleni kisimani. Maji ya kupikia na ya kitalu hayawezi kutoka katika dumu moja. Ombi letu kubwa, basi, ni kisima cha pampu karibu na uwanja huu. Shule itakunywa, na vijiji vyetu vitatu vitachukua marando hapa.

Ombi la pili ni la chakula cha mchana. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inamtaka mzazi amlishe mwanafunzi, nasi hatuukimbii wajibu huo. Lakini asiye na fedha taslimu mtoto wake hukaa na njaa mpaka jioni, na huku nyumbani kuna viazi. Tunaomba utusaidie kuzungumza na uongozi, mchango upokelewe kwa viazi, maharage, au majani ya kunde yaliyokaushwa. Majani hayo tunayaanika kivulini, kwa sababu jua kali huondoa vitamini, na kwa hilo tunahitaji pia nyavu za kuanikia.

Mheshimiwa, beseni lililo mbele yako lina viazi tulivyofukia Desemba. Vimeshachipua. Kitalu kipo pale chini ya mwembe, na watoto wa darasa la sita wamechota maji tangu alfajiri. Tunaomba ushike jembe, utupandie cha kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.