Farasi wa Lipica hazaliwi mweupe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nisahihishe maelezo ya picha mliyochapa Jumapili iliyopita. Mmesema Lipizzaner ni farasi wa Austria anayezaliwa mweupe. Nimewatunza farasi hao kwa miaka mitatu, kwa hiyo kunyamaza siwezi.

Lipizzaner huzaliwa mweusi, au kahawia iliyokoza. Siku yangu ya kwanza bandani nilimkuta jike mweupe pe, na ubavuni pake katoto keusi kama mkaa kananyonya. Nikauliza mama wa huyu yuko wapi. Mzee wa banda alicheka hadi akaikalia ndoo. Weupe huja polepole, wengi huchukua miaka sita hadi kumi. Na hata hapo, penua manyoya kwa vidole: ngozi ni nyeusi. Ukimwosha akalowa, anageuka kijivu mbele ya macho yako. Mara mojamoja hutokea anayebaki kahawia maisha yake yote. Shule ya Upandaji ya Kihispania jijini Vienna, Austria, inayotumia farasi hawa, ina mila ya kuwa naye mmoja, eti huleta bahati.

Ama asili, jina lenyewe linasema. Lipica ni kijiji cha Slovenia, jirani na Trieste, na huko ndiko mtawala Karl wa Habsburg, ukoo uliotawala Austria, alikoanzisha zizi mwaka 1580, akiagiza farasi kutoka Hispania. Ardhi yake ni mawe ya chokaa, kwato laini hazifiki mbali. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Lipica ikawa ya Italia. Waaustria wakaanza upya kwao, kijijini Piber, mwaka 1920. Leo mila ya kuwafuga imeorodheshwa na UNESCO, tangu 2022, kwa jina la nchi nane. Waslovenia hata hivyo wamewachora kwenye sarafu yao ya senti 20, na ukibishana nao wataitoa mfukoni.

Mngeandika na jina la farasi wa pichani pia. Dume hupewa mawili: la ukoo wa babake, mfano Maestoso au Favory, kisha la mamake. Kwa jina tu ningejua katoka kwa nani.

Umri sihitaji kuambiwa. Huyo wa pichani magoti bado yana kijivu. Weupe haujamfika miguuni.

Mtunza farasi mstaafu