Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kujumuika nasi. Asubuhi umepita jikoni ukaona jiko la bayogesi likichemsha uji. Mwezi Machi jiko hilohilo lilikuwa limezima kabisa.

Mheshimiwa, mtambo wetu wa bayogesi ulizoea kinyesi cha ng'ombe. Tukaona ukoko wa ugali, maharage yaliyobaki na maganda ya ndizi vinatupwa shimoni kila siku, tukaanza kuvisaga na kuviingiza humo. Gesi ikapanda, tukashangilia. Siku ya wazazi tukamimina ndoo baada ya ndoo za pilau iliyobaki. Haikupita wiki, jiko likawa linawaka na kuzima. Tope lilinuka uchachu kama togwa iliyopitiliza, na karatasi ya litmasi ya buluu ikawa nyekundu, dalili ya asidi.

Mwalimu wetu wa kemia alitueleza kwamba chakula huoza haraka mno. Vijidudu vinavyotengeneza asidi hufanya kazi haraka, vile vinavyotengeneza methani, gesi inayowaka jikoni, huenda polepole na hupenda pH, yaani kipimo cha uchachu, ya kati ya 6.8 na 7.5. Asidi ikizidi, hivi vya methani vinaacha kazi.

Tukasimamisha kulisha mtambo, tukarudisha kinyesi cha ng'ombe, kisha tukatengeneza bayocha, yaani mkaa wa mabaki ya mimea. Tunajaza magunzi makavu kwenye pipa, tunayachoma kwa hewa kidogo, na moshi ukipungua tunazima kwa maji kabla hayajawa majivu. Ukivunja kipande kinalia kama kigae, na ndani kina matundu madogo mno. Humo vijidudu hupata makazi. Majivu kidogo yaliyomo hupunguza uchachu, mkaa hunasa sehemu ya amonia, na bayocha iliyochomwa kwa joto kali huweza hata kupitisha elektroni kutoka kijidudu kimoja hadi kingine. Hili la mwisho lilitushangaza kuliko yote.

Sasa tunaitwanga, tunailoweka kwenye tope siku moja, ndipo tunaiingiza kidogo kidogo pamoja na chakula. Jiko halijazima tena. Tope linalotoka, likiwa na mkaa wake, tunalipeleka kwenye bustani ya mchicha.

Mheshimiwa, changamoto yetu kubwa ni kupima. Hatuna mita ya gesi, kwa hiyo hatuwezi kukuambia kwa haki ni kiasi gani cha nafuu hii kimetokana na bayocha na kiasi gani ni kwa sababu tumejifunza kulisha kwa kipimo. Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nasi ugali wa mchana bado tunaupika kwa kuni. Tunaomba utusaidie mita moja ya gesi, kipima pH, na mabati ya kibanda cha kukaushia magunzi, maana kipindi chote cha masika magunzi yalilowa.

Tunaomba kuwasilisha.