Barua kwa rafiki anayeanza kufundisha neurolojia wodini

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini hujambo. Barua yako imenifikia, nami nimefurahi mno kusikia kwamba umekabidhiwa wanafunzi wa udaktari wanaoingia wodi ya magonjwa ya mfumo wa fahamu. Umeniuliza ningeanzia wapi kama ningekuwa mahali pako, na kwa kuwa jambo hili nalipenda sana nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Kwanza ujue kwamba unapokea watu wenye hofu. Mwaka 1994 daktari wa Marekani, Ralph Jozefowicz, aliipa hofu hiyo jina la nyurofobia, akaeleza kwamba inatokana na mwanafunzi kushindwa kuyatumia mbele ya mgonjwa yale aliyosomeshwa katika sayansi za msingi. Naamini alilenga penyewe. Wanafunzi wako wanazijua jozi 12 za neva za fuvu kwa majina na kwa mpangilio, na wanaweza kuchora njia zinazoshuka kutoka kwenye gamba la ubongo na zile zinazopanda kutoka kwenye ngozi, lakini maarifa hayo waliyapata darasani miaka ya mwanzo, wakayafanyia mtihani, kisha wakayaweka kando. Wanapofika kitandani wanamkuta mtu aliyelegea mguu, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba mchoro ule unauhusu mguu huu. Kwa hiyo usianze na orodha ya magonjwa. Wazoeze swali moja kabla ya mengine yote: tatizo liko wapi? Je, ni kwenye ubongo, shina la ubongo, ugwe wa mgongo (ule mshipi wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo), mzizi wa neva, neva yenyewe, makutano ya neva na msuli, au msuli? Mwanafunzi asiruhusiwe kutaja jina la ugonjwa kabla hajajibu hilo.

Upo mfano ninaoutumia kila kundi jipya linapoingia. Mgonjwa ana mguu wa kulia usio na nguvu. Katika mguu huohuo hahisi mtetemo, na ukimfumba macho hajui kidole gumba chake kimeelekezwa juu au chini. Mguu wa kushoto una nguvu zote, lakini ukiuchoma kwa ncha kali haumuumi, wala hatofautishi moto na baridi. Ganzi hiyo ya kushoto inakoma kwenye usawa wa kitovu, na mikono yote miwili ni mizima. Nawaachia wanafunzi karatasi na kalamu, kisha nanyamaza, kwa maana ukimya wa mwalimu hapo una kazi kubwa. Baada ya muda mmoja wao hukumbuka kwamba njia ya nguvu huvuka kwenda upande wa pili katika sehemu ya chini ya shina la ubongo, na njia ya mtetemo na ya mkao wa viungo nayo huvuka maeneo hayohayo, ilhali njia ya maumivu na joto huvuka ndani ya ugwe wenyewe, mara tu baada ya kuingia. Basi panabaki mahali pamoja tu panapoweza kuyaeleza yote hayo kwa pamoja: nusu ya kulia ya ugwe, chini ya neva za mikono na karibu na usawa wa neva ya 10 ya kifuani au juu yake kidogo, kwa kuwa ndiyo inayohudumia ngozi ya kitovuni. Picha hii ya ugonjwa inaitwa kwa jina la daktari Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa Morisi mwaka 1817, naye aliielewa bila mashine yoyote ya kupiga picha.

Hapo ndipo ninapowauliza wangeagiza picha ya sehemu gani, na mara nyingi yuko anayejibu kiuno, kwa sababu mguu ndio ulio mgonjwa. Mfafanulie kwa upole, lakini asisahau: ugwe wa mtu mzima huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kwa hiyo picha ya kiuno inaweza kurudi safi kabisa wakati uvimbe unaendelea kuukandamiza ugwe kifuani, na kila siku inayopita inampunguzia mgonjwa nafasi ya kutembea tena na ya kuumudu mkojo wake. Nikiwa na sababu moja tu ya kupigania ufundishaji wa kitandani, ni hii. MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, haijui ielekezwe wapi mpaka daktari aielekeze.

Swali la pili, yaani tatizo ni nini, hujibiwa zaidi na masimulizi ya mgonjwa kuliko nyundo ya kupimia. Wafundishe kuuliza juu ya kasi. Udhaifu uliomkuta mtu ghafla katikati ya mazungumzo, ukafikia kilele ndani ya dakika chache, uhesabiwe kuwa kiharusi mpaka ithibitike vinginevyo, na sukari ya damu ipimwe papo hapo, maana ikishuka sana inaweza kuiga kiharusi kwa ukamilifu. Uliojengeka kwa siku kadhaa unakuelekeza kwenye maambukizi au kinga ya mwili inayoshambulia neva. Wa wiki na miezi, kwenye kitu kinachokua. Wa miaka, kwenye chembe zinazochakaa taratibu. Na kwa mtu aliyeanguka na kupoteza fahamu, watafute aliyeshuhudia, hata kwa simu. Mgonjwa mwenyewe hakuwepo, kwa maana halisi, wakati jambo lilipotokea.

Kuhusu upimaji, nakusihi usiufundishe kwa slaidi. Wanafunzi wengi huikamata nyundo karibu na kichwa chake, hukaza kifundo cha mkono, hudonoa, kisha hutangaza kwamba refleksi ya goti, yaani msuli kujikaza wenyewe kano inapogongwa, haipo. Mshike mwanafunzi mkono umwonyeshe kuishika nyundo mwishoni mwa mpini, alegeze kifundo na kuiacha ianguke kwa uzito wake juu ya kano iliyo chini ya pia ya goti, kiganja chake cha pili kikiwa kimetulia juu ya paja, kwa sababu wakati mwingine msuli hujikaza kidogo sana kiasi kwamba macho hayaoni mguu ukisogea lakini kiganja kinahisi. Isipopatikana bado, mgonjwa afungamanishe vidole vya mikono yake miwili na kuivuta kwa nguvu wakati nyundo inaanguka. Utaona nyuso za wanafunzi zikichangamka refleksi “isiyokuwepo” inapojitokeza. Kisha wapige mstari kwenye ukingo wa nje wa unyayo, polepole, kutoka kisigino kuelekea mbele, wakiangalia mwendo wa kwanza wa kidole gumba. Ishara hiyo, ya kidole gumba kuinuka juu, aliieleza daktari Joseph Babinski mjini Paris katika taarifa fupi ya mwaka 1896, na mpaka leo hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hicho cha kujua kama njia ya nguvu kutoka ubongoni imeguswa.

Yapo machache ambayo kila mhitimu lazima ayaweze, hata yule atakayekuwa daktari wa ngozi: kifafa kisichokoma baada ya dakika 5, homa ya uti wa mgongo, kiharusi, ugwe uliokandamizwa, na udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwa siku chache huku refleksi zikipotea. Kwa huyu wa mwisho, apime kwanza uwezo wa kupumua, jina la ugonjwa lijadiliwe baadaye. Na kuhusu kipimo cha fahamu cha Glasgow, ambacho madaktari Teasdale na Jennett walikitoa mwaka 1974, wazuie wanafunzi kutaja jumla ya alama peke yake. Waseme alama za macho ni ngapi, za usemi ngapi, za mwendo ngapi. Wagonjwa wawili wenye jumla ya 9 wanaweza kuwa katika hali tofauti kabisa, na daktari wa zamu ya usiku anayepokea taarifa hiyo hana namna ya kujua.

Jambo jingine linaniuma, nalo ni namna tunavyozungumza mbele ya mgonjwa aliyepoteza usemi kwa kiharusi. Kundi linamzunguka, linajadili ubongo wake na matarajio yake kana kwamba hayupo, ilhali mtu huyo aghlabu anaelewa mengi kuliko anavyoweza kutamka. Wanafunzi wako wataiga mwenendo wako kabla hawajaiga ujuzi wako. Msalimie, jitambulishe, mwombe ruhusa kwa maneno mafupi na kwa ishara, umpe muda wa kujibu, hata kwa kufumba macho. Usiruhusu wanafunzi wote wampime mgonjwa mmoja asubuhi moja, na kijiti cha kupimia maumivu kitumike kwa mgonjwa mmoja na kutupwa.

Mwisho ni mtihani, ambao kwangu ni mfupi. Kaa kando ya kitanda, mtazame mwanafunzi mmoja akimhoji na kumpima mgonjwa kwa robo saa, bila kumkatiza, kisha mweleze hapohapo ulichoona. Ukisoma tu alichoandika kwenye faili utajua alichokisema, hutajua kama kweli aliipata refleksi.

Ratiba yako ya wiki ya kwanza ikikamilika nitumie, hasa sehemu inayohusu upimaji wa macho na mboni, kwani hapo muda huwa hautoshi na ningependa tuipange pamoja.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.