Ushauri wa zabibu utoke Makutupora

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie habari mliyochapa kuhusu wakulima wanaotumia akili mnemba. Hapa Hombolo vijana hupiga picha jani lenye unga mweupe, na simu hujibu papo hapo kuwa ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Kwa hilo sina ubishi, hasa pale bwana shamba mmoja anapohudumia vijiji kadhaa.

Shida iko kwenye kupogolea, yaani kukata matawi ya mzabibu. Jirani yangu alijibiwa asubiri majira ya baridi, mzabibu ukishapukutisha majani. Huo ni ushauri wa Ufaransa, wanakovuna mara moja kwa mwaka. Dodoma tunavuna mara mbili. Usipopogolea baada ya mavuno, msimu wa pili umeukosa. Programu hujibu kwa kile ilicholishwa, na maandishi mengi kuhusu zabibu yanatoka nchi za baridi.

Napendekeza Wizara ya Kilimo iiwezeshe TARI Makutupora, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kinachoutafiti mzabibu wetu, kuweka miongozo yake wazi kwa Kiswahili ili watengeneza programu waitumie. Kwa sasa, mkulima akishajibiwa na simu amuulize na bwana shamba kabla ya kushika mkasi.

Mkulima wa zabibu,
Hombolo, Dodoma