Pakiti mliyoniuzia sio samaki aina ya changu, naomba ipimwe

Habari zenu, naomba hii imfikie meneja wa kiwanda, maana huduma kwa wateja nimepiga mara tatu naambiwa tu "tunalifanyia kazi".

Nina mgahawa mdogo Kigamboni, samaki nachukua soko la Feri kila alfajiri. Jumamosi bahari ilichafuka boti nyingi hazikutoka, ndo nikanunua pakiti zenu mbili za minofu, zimeandikwa kubwa kabisa CHANGU WA BAHARI. Kutoa barafu naona mnofu mrefu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, unabonyea, katikati una mstari wa mafuta ya njano, kuweka kikaangoni ukatoa maji ukasinyaa. Jumatatu nikanunua changu mzima nikapasua mwenyewe nikakaanga vyote kikaango kimoja: wa Feri ukashikana vizuri, wa kwenu ukamumunyuka na harufu ya tope. Mzee mmoja wa Mafia, anakula kwangu mwaka wa sita huu, kaonja akauliza "mama leo umetuletea samaki wa bwawani?" Niliona aibu jamani.

Msiniambie ni sababu ya kugandisha. Mkishatoa kichwa, ngozi na magamba mteja anabaki na maandishi yenu tu, hana kingine cha kuangalia. Ila kipimo cha DNA kipo, wanachukua kipande kidogo tu cha nyama hata kama imeganda, wanasoma kipande cha jeni inaitwa COI, herufi za DNA kama 650 hivi, wanalinganisha na za samaki wanaojulikana. Marekani shirika la kutetea bahari la Oceana walipima sampuli 1,215, ripoti ikatoka 2013, theluthi moja hazikuwa samaki aliyeandikwa! Waliouzwa kama jodari mweupe asilimia 84 walikuwa eskola, samaki ambaye mafuta yake yanaharisha watu. Kwahiyo sio ladha tu, ni afya za watu ninaowalisha.

Pakiti ya pili ipo kwenye friza yangu haijafunguliwa, namba ya bachi inasomeka na risiti ninayo. Njooni tukate sampuli mbele yangu, nusu yenu nusu yangu, zote zifungwe na lakiri, maabara isiwe ya kwenu na gharama mlipe nyie. Majibu nayataka kwa maandishi, na mpaka yatoke bachi hiyo itolewe madukani. Nawapa siku 14, mkikaa kimya nalipeleka suala hili FCC, Tume ya Ushindani inayolinda wateja, pamoja na hiyo pakiti.