Kanisa la mawe msilipige saruji

Mhariri,

Usharika mpya umekabidhiwa kanisa la zamani la wamisionari mtaani kwetu, na kwa hilo nashukuru. Popo walishajazana darini. Ila nimesoma makisio ya ukarabati yaliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo, nikashindwa kunyamaza: lipu ya saruji ndani na nje, rangi ya mafuta, marumaru sakafu nzima, dari ya jipsamu, spika. Gata hazimo kabisa!

Mimi ni mwashi. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe yaliyojengewa chokaa, kama majengo mengi ya kale ya pwani yetu. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya ardhini na ya mvua, kisha huyatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukiuziba kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda na chumvi yake, na chumvi ikikauka nyuma ya lipu inaisukuma. Mwanzoni kanisa litang'aa. Baadaye ukuta unavimba, ukiugonga unalia kama debe tupu, na lipu ikidondoka inaondoka na uso wa jiwe. Hapo anaitwa fundi mwingine, naye anapiga saruji nzito zaidi. Rangi ya mafuta ni kosa lilelile ndani ya kopo.

Najua nitajibiwa kwamba hata Askofu Steere wa Anglikana alitumia saruji pale Mkunazini, Zanzibar, katika kanisa lililoanza kujengwa 1873 palipokuwa na soko la watumwa. Ni kweli, paa lake la tao ni saruji na matumbawe yaliyopondwa. Lakini paa haligusi udongo wenye maji. Msingi na kuta ndivyo vinavyougusa. Na asiniambie mtu kuwa mafundi wa chokaa wamekwisha. Mji Mkongwe wapo hadi leo.

Sisemi jengo ligeuzwe makumbusho. Ni la waumini, wana haki ya kusogeza madhabahu, kuipa kwaya jukwaa, kuvuta umeme upya, kujenga vyoo na njia ya wazee wasioweza ngazi. Hata spika wafunge, japo majirani tuna la kusema.

Chokaa ina usumbufu wake, sikatai. Hulowekwa mapema, hupigwa matabaka membamba, kila tabaka likisubiriwa na kunyunyiziwa maji lisikauke kwa pupa. Kamati inataka kuzindua Pasaka, ndiyo maana saruji inawavutia.

Ombi langu: fungu la marumaru lihamishiwe kwenye paa na gata, maana maji yanayomwagika penye msingi ndiyo yanayokula ukuta. Kisha wapige lipu ya chokaa ukuta mmoja tu, ule wa upande wa mvua, wautazame masika yapite ndipo waendelee. Uzinduzi ukisogea hadi Krismasi, askofu atakuja tu.

Mwashi mstaafu,
Tanga